Tupeane uzoefu: askari wa ugenini anapomdai mtalii "kitu kidogo"

Mtwara Mjini

Ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, msimu wa korosho ukiisha na malipo ya minada yakishaingia, wapo kati yetu wanaopata nafasi ya kwenda nje ya nchi kutembea. Naomba tuelezane yaliyotukuta huko mbele ya askari, bila kutaja nchi wala kituo, kwa kuwa askari waadilifu wapo kila mahali na nia yetu ni kumwandaa atakayesafiri kesho.

Naanza mimi. Ilikuwa Jumamosi jioni, nikitembea na mke wangu karibu na ufukwe, tukasimamishwa na askari wawili waliotaka pasipoti. Viza zetu zilikuwa hai na mihuri ya kuingilia ilionekana vizuri, lakini mmoja wao alizitia pasipoti mfukoni, akasema kuna "tatizo" ambalo litashughulikiwa kituo kitakapofunguliwa Jumatatu, isipokuwa kama tungependa kumalizana pale pale. Hakutaja kosa lolote. Mke wangu akamjibu kwa upole kwamba kituo cha polisi hakifungwi, na kwamba tuko tayari kwenda naye sasa hivi na kumsubiri mkuu wake hata usiku kucha. Tulitembea naye kwa muda, kisha akasimama, akazirudisha, akaondoka. Naamini kilichomshinda ni kuona kwamba hatuna haraka, maana alikuwa ametegemea tuogope kupoteza siku zetu za mapumziko.

Mwalimu, Nachingwea

Nashukuru, kaka. Langu lilihusu kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nilichanjwa miaka mingi iliyopita, na kadi yangu ina tarehe ya mwisho iliyoandikwa kwa utaratibu wa zamani wa miaka 10. Basi letu lilisimamishwa kwenye kizuizi, abiria wageni tukatengwa, na askari akaniambia kwamba kadi imekwisha muda, hivyo nichague kurudishwa mpakani au nitoe fedha ambazo kiasi chake alikiandika kwenye kiganja chake ili wengine wasisikie.

Jambo hili linanikera hadi leo, kwa sababu dai lenyewe halikuwa na msingi. Kanuni za Afya za Kimataifa zilirekebishwa, na tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho kinatambulika kwa maisha yote ya aliyechanjwa, hata kama juu yake pameandikwa tarehe ya mwisho. Nilikuwa nimechapisha tangazo la Shirika la Afya Duniani kuhusu badiliko hilo, nikampa alisome. Alilisoma lote, akamwita mwenzake, wakazungumza kwa lugha yao, kisha nikaruhusiwa kupanda basi. Mama mmoja aliyekuwa na kadi kama yangu alikuwa amekwisha kulipa, na hakurudishiwa hata senti.

Baba Salma, Newala

Nawaheshimu wote wawili, lakini naomba tusiwahukumu waliolipa. Nilikodi gari nikiwa na familia, askari akanisimamisha akidai nimezidisha mwendo. Nilimwomba picha ya kipima mwendo, hakuwa nayo. Nilimwomba hati ya kosa, akasema vitabu vimekwisha. Huku kwetu faini ya barabarani unalipa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, kwa hiyo fedha haipiti mkononi mwa askari, nami nilidhani kutaja utaratibu wa namna hiyo kungemzuia. Haikusaidia kitu. Alichukua ufunguo wa gari, jua lilikuwa kali, na mtoto wangu alikuwa na homa. Nililipa. Anayeshauri kusubiri hadi usiku azingatie pia msafiri aliye na mgonjwa, mjamzito au mzee.

Lindi

Mimi niliwapata ambao naamini hawakuwa askari kabisa. Walivaa kiraia, wakaonyesha kitambulisho kwa haraka na kutaka kukagua pochi yangu wakidai wanatafuta noti bandia. Nilikataa kutoa pochi, nikaingia kwenye hoteli iliyokuwa jirani na kumwomba mhudumu wa mapokezi awapigie polisi. Hawakunifuata.

Mtwara Mjini

Baba Salma, nimekuelewa, na mtoto ndiye wa kwanza. Naongeza jambo moja kwa atakayefikia hatua ya kushikiliwa kituoni: Kifungu cha 36 cha Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu Mahusiano ya Kikonseli kinampa mgeni haki ya kuomba ubalozi wake ujulishwe bila kuchelewa. Taja haki hiyo kwa sauti ya kawaida. Tanzania haina ubalozi katika kila nchi, hivyo kabla ya kuondoka tafuta ni ubalozi upi unaohudumia nchi unayokwenda, na namba yake uiandike kwenye karatasi, kwa sababu simu inaweza kuchukuliwa pamoja na pasipoti.

Kilwa Masoko

Shikamoo Mwalimu. Natarajia kusafiri, na kadi yangu ni ya zamani kama yako. Je, nichanjwe upya ili kuepuka usumbufu?

Mwalimu, Nachingwea

Marahaba. Kwa kanuni hizo huhitaji chanjo nyingine kwa sababu ya tarehe hiyo. Hakikisha jina lililo kwenye kadi linafanana herufi kwa herufi na la pasipoti, na lile tangazo ulichapishe kwa lugha inayotumika rasmi katika nchi unayokwenda, kwani langu lilikuwa la Kiingereza na nilibahatika kumpata askari anayekisoma.