Mrejesho: michoro ya zamani baada ya kampuni kubadilisha jina

Asanteni sana wote mliojibu. Swali lilikuwa: kampuni ikibadilisha jina, je, michoro yote ya kiufundi ipandishwe herufi ya marekebisho (A, B, C… inayoonyesha toleo la mchoro)?

Nimefuata ushauri wa kutogusa michoro iliyokwisha kuidhinishwa. Tumetoa ilani moja ya mabadiliko yenye namba, tarehe, jina la zamani na jipya, pamoja na nakala ya cheti cha kubadilisha jina. Mchoro hupata jina jipya pale tu unapofunguliwa kwa sababu ya kiufundi. Hapo C inakuwa D, na jedwali la marekebisho linaongezewa mstari unaotaja namba ya ilani. Mistari ya A hadi C haiguswi, wala saini zake.

Kilichogoma ni ushauri wa kubadilisha kisanduku cha jina (sehemu ya mchoro yenye jina la kampuni) huku herufi ikibaki ileile. Karakana moja ya Industrial Area ilijikuta na karatasi mbili za C zisizofanana, mkaguzi wa mteja akazikataa zote, na alikuwa na haki. Tukaziondoa, tukatoa D.

Wanaotumia AutoCAD (programu ya kuchorea): ATTSYNC, amri inayolinganisha kisanduku na bloku yake (kiolezo chake), huacha maandishi ya kila mchoro yalivyo, lakini hufuta marekebisho ya mwonekano yaliyofanywa kwa mkono. Pangeni ukubwa wa herufi ndani ya bloku kwanza, hasa jina jipya likiwa refu kuliko la zamani.

Michoro iliyoskaniwa bado ina jina la kale. Kwa sasa inatumwa kwa wateja ikiambatana na ilani.