Kotabeki wa akiba: umlee kinda, ununue mrithi au ukodi mkongwe?

FundiSaa_Dallas

Wakuu, salamu. Huu mjadala ulianza kwenye gari tukitoka kazini, ukaisha kwa watu kununiana. Nauleta huku tuusikilize kwa utulivu.

Tuseme timu ya NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, ina kotabeki (mrusha pasi anayeongoza mashambulizi) mzuri wa miaka 28, mkataba mnono ameshasaini. Nani akae nyuma yake? Kuna waliosema chukua kinda kwenye raundi za chini za drafti, ya nne mpaka ya saba, unamlipa kidogo kwa miaka 4. Kuna waliosema ukiona kipaji raundi ya kwanza au ya pili kamata awe mrithi, hata kama leo huna shida nacho. Na mzee mmoja siti ya nyuma alishikilia kwamba yote hayo ni kamari, kodi mkongwe aliyezunguka timu tano, hatakuaibisha.

Mimi ni wa kinda, na ushahidi wangu uko hapa hapa mjini. Mwaka 2016 Cowboys, timu yetu ya Dallas, walimtaka kotabeki Paxton Lynch, Denver wakapanda kwenye foleni ya kuchagua wakamchukua namba 26. Wakamvizia Connor Cook, Oakland wakawawahi kwenye namba 100. Ndipo wakaangukia kwa Dak Prescott, raundi ya nne, namba 135. Kambini Kellen Moore, akiba wetu, akavunjika mguu, halafu Tony Romo, namba moja wetu, akaumia mgongo kwenye mechi ya maandalizi na Seattle. Yule kijana aliyechukuliwa baada ya wengine kukosekana akashinda mechi 13 na kupoteza 3.

Na pesa je? Msimu wa 2023 kikomo cha mishahara kilikuwa dola milioni 224.8 kwa timu. Washington walimpa Jacoby Brissett milioni 8 akae nyuma ya Sam Howell. Mwaka huo huo Brock Purdy alikuwa na mshahara wa dola 870,000 akaipeleka San Francisco fainali ya Super Bowl. Mwenye hoja alete.

Umoja_Mbili

Wewe umepepeta ukatuletea mchele peke yake, pumba umezificha nyuma ya nyumba. Mwaka huo huo wa 2016 walichaguliwa makotabeki 15. Buffalo walimchukua Cardale Jones namba 139, nafasi nne tu baada ya Dak wako. Kisha kuna Kevin Hogan, Jake Rudock, Brandon Doughty. Nani hapa ana jezi ya Doughty? Kila mwaka wa drafti watu wananiimbia Tom Brady namba 199 na Purdy namba 262, kana kwamba wale wengine walizaliwa bila majina.

Na kabla wa raundi za juu hawajanishangilia: Jets walimchukua Christian Hackenberg raundi ya pili, namba 51, mwaka huo huo. Hakucheza hata mchezo mmoja wa msimu.

Mgeni_Arusha

Samahani wakuu, mimi nafuatilia huu mchezo tangu mwaka jana tu. Drafti mnayosema si ile ya vizibo vya soda?

FundiSaa_Dallas

😂 Si ile, ila kula kunafanana. Ni siku tatu kila Aprili, raundi 7, timu zinachagua vijana kutoka vyuo vikuu kwa zamu. Iliyofanya vibaya zaidi inaanza. Na zamu yako unaweza kuibadilisha na timu nyingine, ndivyo Denver walivyotupiku.

Shangazi_Minnesota

Wanangu, mimi sijui sana habari za drafti ila najua kilio. Niko Minneapolis tangu kabla ya uwanja mpya. Tarehe 30 Agosti 2016 kotabeki wetu Teddy Bridgewater alikuwa mazoezini, hakuna aliyemgusa, goti likaachia. Nyuma yake alikuwepo Shaun Hill, mtu mzima, mwenye heshima zake, lakini viongozi hawakumwamini hata kwa siku nne. Wakakimbilia Philadelphia, wakatoa chaguo lao la raundi ya kwanza la 2017 na jingine la chini wampate Sam Bradford. Tukashinda mechi 5 za kwanza, tukamaliza tumeshinda 8 na kupoteza 8.

Kwa hiyo mnapopiga hesabu ya kwamba akiba ni dola ngapi, wekeni na hiyo. Kutokuwa na mtu unayemwamini kulitugharimu raundi ya kwanza nzima.

Lakini mwaka uliofuata Bradford naye aliumia, akaingia Case Keenum, ambaye siku ya drafti yake hakuna timu iliyomtaja. Alishatembea timu kadhaa. Tukafika mechi moja kabla ya fainali! Na nani alitutoa? Nick Foles, akiba wa Philadelphia, 38 kwa 7, na kisha akaenda kumfunga Brady fainali. Foles alikuwa chaguo la raundi ya tatu la 2012, la Philadelphia hao hao. Walimwacha aondoke, akazunguka St. Louis na Kansas City, wakamrudisha akiwa mkongwe. Sasa huyo mnamweka fungu gani? Kinda au mkongwe?

Siti_ya_Nyuma

Shikamoo shangazi. Huyo ni wangu, mweke kwangu.

Ndiyo, yule mzee wa kwenye gari ni mimi. FundiSaa umenitangaza bila kunitaja, asante. Nikukumbushe moja tu. Cleveland mwaka 2023 walichagua kinda raundi ya tano, Dorian Thompson-Robinson, akang'aa mechi za maandalizi, watu wakamwona mkombozi. Namba moja wao Deshaun Watson alipoumia, kijana akapewa mechi za kweli na zikamlemea. Novemba wakampigia simu Joe Flacco, miaka 38, yuko nyumbani na watoto. Akashinda mechi 4 kati ya 5 wakaingia mtoano. (Houston waliwapiga 45 kwa 14 huko, sawa, sijasema ni malaika.)

KipaNambaMbili

Niliwahi kuwa kipa wa akiba shuleni, Tanga, misimu miwili. Najua kusugua benchi kulivyo. Ila kipa wa akiba angalau anapigiwa mashuti kila siku mazoezini. Kotabeki wa akiba hana bahati hiyo, na nadhani hapo ndipo mjadala wenu wote unapopotea.

Msimu ukishaanza, mazoezi karibu yote ya mashambulizi ya timu anachukua namba moja. Mazoezi ya kuvaa gia kamili ni 14 tu msimu mzima, mkataba wa wachezaji na ligi unasema hivyo. Kinda wenu anafanya nini Jumatano? Anaigiza kotabeki wa wapinzani ili mabeki wa timu yake wamzoee. Anasoma kadi inayoonyesha mbinu za timu nyingine. Mbinu za timu yake mwenyewe anazisoma kwenye tableti usiku. Sasa tunaposema "tumchukue tumlee", analelewa saa ngapi?

Angalieni Indianapolis. Kotabeki wao Peyton Manning hakuwahi kukosa kuanza mechi tangu 1998. Alipofanyiwa upasuaji wa shingo 2011, Curtis Painter, chaguo la raundi ya sita la 2009, alikuwa na miaka miwili ndani ya timu ile. Wakamwita na Kerry Collins kutoka kustaafu. Walipoteza mechi 13 mfululizo, wakamaliza na ushindi 2. Painter alikuwa amekaa, hakuwa amelelewa.

Ndiyo maana mimi nikimtafuta akiba kijana, sitazami mkono wala kimo kwanza. Naangalia ameanza mechi ngapi chuoni. Kocha Bill Parcells alikuwa na vigezo vyake: awe mwaka wa mwisho, awe amehitimu, ameanza misimu mitatu, ameshinda mechi 23. Watu walimcheka, lakini kwa akiba vina mantiki kuliko kwa mtu mwingine yeyote, kwa sababu kosa analopaswa kulifanya ili ajifunze inabidi awe ameshalifanya kabla hajafika kwako. Purdy alianza misimu minne Iowa State. Trey Lance, ambaye San Francisco hao hao walitoa machaguo matatu ya raundi ya kwanza kumpata namba 3 mwaka 2021, alikuwa ameanza mechi 17 tu, na 2020 alicheza moja. Kipaji Lance alikuwa nacho zaidi, hata mimi niliona. Lakini 2022 alivunjika kifundo cha mguu mechi ya pili, na Agosti 2023 akauzwa Dallas kwa chaguo la raundi ya nne.

Baada ya idadi ya mechi, naangalia presha ikimfikia anafanya nini. Simaanishi kama anakimbia. Namaanisha kama anajua mpira uende wapi kabla hajapigwa. Mikono na vimo vya vijana vinavyopimwa Indianapolis kila mwaka kabla ya drafti naviacha kwa wengine.

Umoja_Mbili

Na Matt Cassel? Hakuanza mechi hata moja akiwa kotabeki chuoni USC. Alikaa nyuma ya Carson Palmer, kisha nyuma ya Matt Leinart. New England wakamchukua raundi ya saba 2005. Brady alipoumizwa goti mechi ya kwanza ya 2008, timu ikashinda 11.

KipaNambaMbili

Hapo umenibana kidogo. Utetezi wangu ni kwamba Cassel alikuwa na miaka mitatu katika mbinu zile zile, na aliingia kwenye timu ambayo msimu uliotangulia ilishinda mechi zote 16. Ukimpa mtu gari lililokwisha pasha moto… Lakini sawa, nakubali, kigezo changu kinavuja.

Bi_Hesabu

Nimewasoma wote, na nyote mnahesabu bei ya kununua mkasahau bei ya kutunza.

Kikosi ni watu 53. Kiti cha kinda ni kiti cha mtu ambaye angekimbia na kukaba Jumapili. Ukijaribu kumshusha kwenye kikosi cha mazoezi inabidi kwanza umwachie, na timu zote nyingine zinapewa nafasi ya kumdai. Mwaka 2000 New England walibakiza makotabeki wanne, Drew Bledsoe, John Friesz, Michael Bishop na yule kijana wa namba 199. Wanne! Timu ilishinda 5 ikapoteza 11, mashabiki wakiuliza kile kiti cha nne ni cha nini. Brady alikuwa wa bure kwenye drafti, hakuwa wa bure kwenye kikosi. Wengi wangemwachia Agosti ile, tusingekuwa tunamjadili.

Mrithi wa raundi ya kwanza naye ana bei iliyojificha. Mkataba wake ni miaka 4, timu ikiwa na hiari ya wa tano. Jordan Love alichukuliwa namba 26 mwaka 2020, akakaa miaka mitatu nyuma ya Aaron Rodgers, ambaye kwa hasira au kwa lolote alikuwa mchezaji bora wa ligi misimu miwili mfululizo. Love alipoanza 2023 alikuwa mzuri kweli, pasi 32 za alama. Lakini miaka yake ya bei nafuu ilishaliwa na benchi. Julai 2024 akasaini nyongeza ya miaka 4 kwa dola milioni 220. Na kwa chaguo lile, misimu ile mitatu Rodgers angeweza kupewa mpokeaji wa pasi.

Wanaoisifu Green Bay wanasahau kwamba walikuwa na njia nyingine zamani, na mimi naipenda zaidi. Meneja wao Ron Wolf alikuwa akichagua kotabeki karibu kila mwaka ingawa namba moja wao Brett Favre alikuwa hakosi mechi. Mark Brunell raundi ya tano, Matt Hasselbeck ya sita, Aaron Brooks ya nne. Hakuna aliyemrithi Favre. Wote watatu waliuzwa, Jacksonville, Seattle na New Orleans, na kila mmoja akawa namba moja huko. Hilo lilikuwa duka, ndugu zangu. Mnalinganisha akiba, mrithi na bidhaa kwa mizani moja.

FundiSaa_Dallas

Bi_Hesabu umenifanya nifungue kalamu upya. Nikiri kwamba Dak nilimchukulia kama ushahidi wa mpango, kumbe timu yenyewe ilipanga watu wengine wawili.

Basi nabadili kidogo. Ningechukua kijana wa raundi ya nne au ya tano mwenye mechi nyingi za chuo, anayeweza kuuzwa mbeleni, na juu yake mkongwe wa bei ya kati kwa mwaka wa kwanza. Makotabeki watatu.

Siti_ya_Nyuma

Ahaa! Mkongwe kaingia.

Shangazi_Minnesota

Na kocha akikwambia ana viti viwili tu?

FundiSaa_Dallas

Abaki mkongwe, shangazi. Kinda namwachia nikiomba asidaiwe, na akidaiwa sitakuja kulia hapa.

Umoja_Mbili

Utalia. Nimehifadhi huu uzi.