Mjadala: Vigunduzi vya moshi kwenye ploti za Nairobi, tulazimishane kwa sheria?

Mpangaji, Pipeline

Wiki mbili zilizopita jirani yangu wa orofa ya tatu aliteleka maharagwe kwenye meko saa nne usiku, akajilaza kidogo, usingizi ukampitia. Kilichoniamsha si harufu, ni mtoto wangu akikohoa. Nilipowasha tochi ya simu, moshi ulikuwa umetanda kutoka darini hadi usawa wa mabega. Chini, karibu na sakafu, bado mtu angeweza kupumua. Tulimgongea jirani hadi bati la mlango likabonyea. Maharagwe yalikuwa makaa, yeye mzima ila anatapika. Hakuna aliyekufa, ndiyo maana hamkusikia habari yetu popote.

Sasa niulize. Kaunti ikimlazimisha kila mwenye ploti aweke kigunduzi cha moshi, ile kengele ya darini inayolia moshi ukiifikia, katika kila nyumba anayopangisha, mtakubali? Mimi naunga mkono, tena anunue yeye. Zile kanuni za Kenya za 2007 za kupunguza hatari ya moto zinahusu mahali pa kazi: ukaguzi wa usalama wa moto kila mwaka, na mazoezi ya kutoka nje angalau mara moja kwa mwaka. Yaani mchana ofisini nalindwa, usiku nikilala fofofo najitegemea. Kule Uingereza, upande wa England, tangu 2015 mwenye nyumba ya kupangisha anatakiwa kuweka angalau kimoja kila orofa, na kuhakikisha kinafanya kazi siku mpangaji anapoingia. Hiyo ya siku ya kuingia ndiyo naitamani. Tukishalipa diposti na kuhesabu balbu, tubonyeze na kitufe cha kengele tusikie.

Mwenye ploti, Kayole

Nina nyumba 24. Niliweka mitungi ya kuzimia moto kwenye ngazi, mmoja ukahama na mpangaji usiku, na deni la miezi miwili juu yake. Nikiweka hizo kengele, betri zitaishia kwenye saa za ukutani. Na gharama mnajua itatua wapi: kodi. Halafu mnasahau mlipuko wa gesi wa Mradi, Embakasi, Februari 2024. Pale kengele ya moshi ingesaidia nini? Wanaoleta gesi mtaani wabanwe kwanza, na barabara zifunguliwe. Gari la zimamoto litoke kituo cha Tom Mboya lifike Pipeline, lipite wapi na vibanda vimefika katikati ya njia?

Fundi wa stima, Umoja

Mzee, kwa betri una hoja, lakini ni hoja ya zamani. Siku hizi kuna vyenye betri iliyofungiwa ndani, ya miaka 10. Huwezi kuichomoa, ikiisha unatupa kifaa chote. Bei ya kimoja haifiki kodi ya mwezi ya bedsita yako.

Mimi shida yangu ni hiyo bedsita yenyewe. Kitanda na meko vimetengana hatua mbili. Mtu akipika chapati Jumapili kinalia, akirudia Jumapili ya pili anakivalisha soksi, na hapo umebaki na pambo la dari. Kwa hivyo aina ina maana. Kuna vinavyotumia chembechembe za aioni: hivyo huwahi kulia kwa moto wa ghafla na pia kwa mafuta ya kukaanga, ndivyo vinavyokera watu. Vinavyotumia mwanga huwahi zaidi moshi wa kitu kinachofuka polepole, kama godoro au ekstensheni iliyobebeshwa pasi, hita na friji (mimi huitwa baadaye, nikute soketi imeyeyuka kama nta). Weka cha mwanga darini, upande wa kitanda. Penye jikoni la kando, weka humo cha joto badala ya cha moshi. Uskoti imelazimisha hivyo nyumba zote tangu Februari 2022.

Na wale wa jiko la makaa ndani baridi ya Julai: cha moshi hakijui kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu itokayo kwenye makaa. Kifaa chake ni kingine kabisa.

Keteka (mtunza ploti), Zimmerman

Wote mmenipita. Geti nafunga mimi saa tano, kwa sababu ya wezi, na wapangaji ndio walioomba. Kengele ilie saa nane usiku na mimi niko matangani Murang'a, mtatokea wapi?

Mpangaji, Pipeline

Ndugu keteka, hilo nililificha kwa aibu. Usiku ule tulishuka watu kama thelathini, watoto wamefungwa shuka, tukakuta kufuli. Keteka wetu simu haipatikani. Tulibanana kwenye ngazi mpaka kijana wa orofa ya kwanza akaleta nyundo, na ilimchukua kama dakika kumi. Madirishani nako grili, zimechomelewa.

Kwa hivyo narekebisha pendekezo langu. Geti la ploti liwe na komeo linalofunguka kwa ndani bila ufunguo. Kazini tayari ni kosa kufungia watu mlango wa kutokea, na anayelala ana haja zaidi kuliko anayeandika barua. Dirisha moja la kila nyumba liwe na grili ya bawaba. Kengele ifuate, ya mwanga, kama fundi alivyosema. Mzee wa Kayole, nyundo haiongezi kodi, lakini nadhani hata wewe hutaki kuitegemea.

Jirani amenunua sufuria mpya. Geti nalo limepata kufuli mpya, kubwa kuliko ile tuliyovunja.