Mvua imenyesha, tungoje mwezi?

Mleta hoja, Kisauni

Asalaam alaykum, na wasio wa salamu hiyo, hamjambo. Nina jambo nalileta tulijadili, maana kikundini limetugawa hadi wengine hatusemezani vizuri.

Tunalima mboga, kina mama wengi na wanaume wachache, kwa magunia na vijituta nyuma ya nyumba. Alikuja mkufunzi mmoja akatuuzia kalenda ya kupanda kwa mwezi. Kila siku ina alama yake: siku ya mizizi, siku ya majani, siku ya maua, siku ya matunda. Mchicha na sukuma ni siku ya majani, karoti siku ya mizizi, bamia siku ya matunda. Tukachanga, tukanunua, tukaitundika bandani.

Masika ikaanza usiku wa Jumanne. Mvua ya haki, ile ya kupenya mchanga hadi ukitia mkono mpaka kiwiko unatoka na umajimaji. Alfajiri niko na mbegu mkononi, naambiwa leo siku ya mizizi, ngoja. Tukangoja siku sita. Mchanga wetu mnaujua, haushiki maji hata ukiubembeleza. Siku ya majani ilipofika jua lilishafanya kazi yake, tukapanda kwenye vumbi, tukamwagia maji ya kununua kwa mtungi. Jirani ambaye hajui hata mwezi umeandama lini alipanda Jumatano. Alianza kuchuma wiki nzima mbele yetu, na mchicha wetu uliota kwa mapengo kama meno ya mtoto wa miaka saba.

Kwa hivyo nasema wazi: kalenda ile itoke bandani, na afisa wa kilimo akija asiifundishe wala asiinyamazie. Kinachoniudhi zaidi ni kuambiwa eti ni ilimu ya wazee wetu. Si kweli. Mpango huo wa siku nne uliasisiwa na Maria Thun, mama wa Kijerumani aliyeanza kuchapisha kalenda yake miaka ya 1960, akijengea mafundisho ya kilimo ya mwaka 1924 ya Rudolf Steiner, mwanafalsafa wa Austria. Hutazama mwezi umo katika buruji ipi, yaani kundi lipi la nyota: buruji za maji ni majani, za udongo ni mizizi, na kadhalika. Hupiga hesabu pia ya mwezi unaopanda na unaoshuka angani, yaani njia yake ikisogea kaskazini au kusini, na watu wa kusini mwa dunia huambiwa wageuze. Haya, Mombasa tuko nyuzi 4 tu kusini ya ikweta. Ndani ya mwezi mmoja hapa mwezi hupita upande wa kaskazini wa utosi wako siku kadhaa, kisha upande wa kusini siku nyingine. Tugeuze au tusigeuze?

Wazee wetu wa pwani hawakuwa wajinga. Mwezi waliutumia kwa funga, kwa Idi, kwa kuhesabu eda. Shamba walilipa mwaka mwingine kabisa, mwaka wa Nairuzi, mwaka wa jua, siku 365 zikigawanywa makumi makumi, kila kumi likiitwa mwongo. Mkulima na nahodha walihesabu miongo. Kwa nini? Mwaka wa mwezi ni siku 354, kila mwaka unarudi nyuma siku kumi na moja. Ramadhani tumeifunga katika kaskazi na tumeifunga katika kusi, na ndani ya miaka kama 33 inazunguka misimu yote. Ukipanda mahindi kwa Mfungo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, iko miaka utapanda masika na iko miaka utapanda katikati ya kiangazi. Hilo walilijua, ndio maana wakaweka hesabu mbili. Sisi leo tumeshindwa hata kuweka moja.

Mzee wa Likoni

Mwanangu, umesema mengi, na mengine ni kweli. Lakini usitupe mtoto na maji ya kuogea. Mimi nimekuwa na mafundi wa nyumba tangu utotoni. Boriti ya mkoko ikikatwa mwezi mpevu, dumuzi wataila mpaka unga unadondoka kwenye chandarua. Ikikatwa mwezi giza inakaa. Hilo sikusoma kwenye kalenda ya Mjerumani. Babu alikataa mzigo mzima wa boriti pale ufukweni kwa sababu hiyo, na nahodha hakubisha.

Tena nyinyi mnakaa na bahari hapo. Mwezi unainua bahari nzima, bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, mnaiona kwa macho, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita tatu. Leo unaniambia hauwezi kusukuma utomvu wa mchicha?

Mwanakikundi

Mleta hoja, mimi ni katika hao usiosemezana nao. Hukusema yote. Kabla ya kalenda, nani alikuwa anajua amepanda nini siku gani? Wewe mwenyewe ulipanda pilipili ukasahau, ukazipanda biringani juu yake. Sasa tunaandika. Mbegu zinanunuliwa mapema, gunia linatiwa samadi kabla ya siku yake. Mazao yangu yamezidi, na sijali kama ni mwezi au ni daftari.

Mwalimu, Changamwe

Nafundisha baiolojia, naomba dakika mbili. Mzee wa Likoni, bahari inainuka kwa sababu ni pana mno: upande mmoja wa dunia unavutwa tofauti na mwingine. Ndoo ya maji uani haipwi wala haijai. Utomvu wa mchicha ni mdogo kuliko ndoo. Ama nuru, jua ni kali kuliko mwezi mpevu kama mara 400,000.

Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Valencia, Uhispania, walipitia yaliyoandikwa kuhusu mwezi na kilimo, wakasema hawakupata ushahidi wa kutegemewa. Lakini mleta hoja naye asifunge mlango kwa kufuli. Kuna kichaka cha nchi za Bahari ya Kati, *Ephedra foeminea*, ambacho mwaka 2015 watafiti wa Stockholm walieleza kuwa hutoa matone yake ya kuvutia wadudu wa uchavushaji wakati wa mwezi mpevu. Wadudu wa usiku pia hubadilika: mtego wa taa hunasa nondo wachache mbalamwezi ikiwaka. Anayetega nondo wa viwavijeshi kwa taa asishangilie akikuta mtego mtupu siku ya kumi na tano.

Mleta hoja, Kisauni

Mzee wangu, shikamoo. Boriti sikubishii, sijawahi kukata, na siku hizi ukiguswa na mkoko bila kibali utaeleza mbele ya askari wa misitu. Lakini boriti ni mti uliokwisha kufa. Mbegu ndiyo kwanza inaanza.

Dada wa kikundini, la biringani umenipata, nimekubali. Basi tubaki na daftari. Mchicha wenyewe kutoka kupandwa hadi sufuriani ni wiki tatu, nne. Mwezi ni siku 29 na nusu. Upande siku uipendayo, huo mchicha karibu utauona mwezi mzima, mchanga na mpevu na giza. Muhogo utaona miezi tisa au kumi na miwili. Sasa ni siku ile moja ya kwanza tu ndiyo inayotawala zote zilizobaki?

Na la bahari, mzee, hapo nitakuongezea nguvu mwenyewe, kwa sababu mwezi shambani kwangu unaingia, ila mlango wake ni kisima. Kisima chetu kimechimbwa kwenye tumbawe, si mbali na ufuo. Nilifunga kamba yenye mafundo. Siku za maji mafu, bahari ikipanda na kushuka kidogo tu, kutwa nzima yale maji hayavuki fundo moja. Siku za bamvua yanapanda mafundo mawili, yakishuka utasikia ndoo inagonga jiwe. Ladha nayo inageuka. Miche yangu ya pilipili iliungua kingo za majani, nikadhani ni ugonjwa, nikanunua dawa bure. Ilikuwa chumvi. Nilikuwa nachota asubuhi bila kutazama maji ya bahari yako wapi. Sasa najaza pipa siku za maji mafu, nalifunika, na wiki ya bamvua namwagilia la pipani.

Kwa hivyo kama kuna kalenda ya mwezi ya kutundika bandani, iwe ile ya kujaa na kupwa wanayotumia wavuvi. Ya buruji irudi kwa mwenyewe. Na mvua ikinyesha, tupande.

Mzee wa Likoni

Hiyo ya kisima nakubali. Yetu ya Likoni ilikuwa hivyo hivyo, mama alikuwa haoshi nguo nyeupe siku za bamvua. La boriti bado sijashindwa.

Wa Mtongwe

Samahani naingilia. Kisima chetu kiko mbali kidogo na maji, kama uwanja wa mpira na nusu. Nichote yakishapwa au yakijaa?

Mleta hoja, Kisauni

Usichukue saa zangu ndugu yangu, tumbawe halifanani. Langu linachelewa, bahari ishaanza kupwa kisima bado kinapanda. Funga kamba yako, uonje maji asubuhi na jioni siku tano hivi, uandike. Miche ya pilipili usiijaribu kwanza, hiyo haina subira na chumvi. Anza na mchicha.