Kaka ana ugonjwa wa figo wa kurithi na anataka tunyamaze: siri ni yake au ni yetu sote?

Mtoto wa Tatu
Wakuu, nisaidieni kufikiri. Kaka yetu mkubwa ana miaka 38. Presha ilimwanza angali kijana, tukasema ni mawazo ya kazi. Majuzi alikojoa damu, akapigwa ultrasaundi, figo zote mbili zimejaa vifuko vya maji. Daktari akamuuliza swali moja tu: nani nyumbani kwenu alikufa na figo? Baba alifariki na miaka 54, na sisi tuliambiwa presha ndiyo iliyoharibu figo. Kumbe huenda figo ndizo zilizoipandisha presha.

Kaambiwa kila mtoto wa baba ana nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi. Kaniambia mimi peke yangu na akanifunga mdomo. Wengine wawili hawajui, wa mwisho ana miaka 24 na anakaribia kuoa. Kaka anasema mwili ni wake na ugonjwa ni wake, hataki ndoa ya mtu ivunjike kwa karatasi ya hospitali. Mimi naona ile nusu kwa nusu si mali yake. Mnaonaje?

Hoja Kavu
Waambiwe, tena mapema. Huyo wa 24 apime kabla ya ndoa na mchumba wake ajue anaingia wapi. Na niseme wazi: mtu anayejua ana ugonjwa huu halafu akazaa, anamtwisha mtoto mzigo ambao mtoto hakuuomba.

Sheria Mkononi
Taratibu, jamani. Siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Kule Uingereza kuna binti alishtaki hospitali kwa kumficha ugonjwa wa kurithi wa baba yake, akashinda, ndiyo maana madaktari siku hizi wana hofu. Lakini wewe mleta mada si daktari, wewe ni ndugu uliyeaminiwa. Ukitoboa, kaka yako hatakwambia tena neno, hata siku atakapowekwa kwenye mashine.

Mama Wawili
Hoja Kavu, hebu njoo hapa. "Anamtwisha mtoto mzigo." Mimi ninao ugonjwa huu. Niliujua na miaka 26, wanangu wote wawili nimewazaa baada ya hapo, kwa akili zangu timamu. Mama yangu anao, ana miaka 71, anapika, anagombana na sisi, figo zake zimepungua nguvu lakini zinafanya kazi. Kwa hesabu yako mama asingenizaa. Niambie sasa, ni mzigo gani mkubwa kuliko kutokuwepo kabisa?

Hoja Kavu
Dada, sikukutaja wewe, nimetaja kanuni. Na njia zipo: viinitete, yaani mimba changa kabisa, vinapimwa maabara kabla ya kupandikizwa, wanachagua kisicho na jeni (kinasaba) ya ugonjwa. Anayeijua njia hiyo na asiitumie amefanya uamuzi kwa niaba ya mtu mwingine.

Mama Wawili
Kila mzazi duniani anaamua kwa niaba ya mtu mwingine, ndiyo maana ya kuzaa. Wanaotumia njia hiyo siwalaumu hata kidogo, ni haki yao. Nawalaumu wanaotupangia foleni ya nani anastahili mtoto.

Mzee wa Kona
Binti yangu, punguza hasira. Nijuavyo mimi, magonjwa haya ya figo hutoka kwa mama kwenda kwa wana wa kiume, mabinti wanayabeba tu, na huwa yanaruka kizazi. Mleta mada, kama aliyekuwa nao ni baba, wavulana mko salama. Kaka yako ni bahati mbaya yake.

Zamu ya Usiku
Shikamoo mzee. Naomba nikurekebishe, maana kuna kijana anaweza kukusoma akaacha kupima. Unaousema ni ugonjwa wa Alport, ule aliouelezea Cecil Alport mwaka 1927: mkojo wa damu, usikivu unapotea, na aina yake iliyozoeleka zaidi iko kwenye kromosomu X, ambayo mwanaume ana moja tu, ndiyo maana wanaume huumia zaidi. Hata huko mabinti si wabebaji tu, wapo wanaoharibikiwa figo.

Wa kaka yake mleta mada ni mwingine, ule wa figo kujaa vifuko, kwa Kiingereza polycystic kidney disease (PKD). Jeni zake kubwa ni PKD1 iliyo kwenye kromosomu 16 na PKD2 iliyo kwenye kromosomu 4, na hazichagui baba wala mama, binti wala mvulana. Hauruki kizazi pia. Unaonekana kuruka kwa sababu PKD2 huenda polepole: bibi anafariki kwa jambo jingine na miaka 75, hakuna aliyewahi kumpiga ultrasaundi, kisha mjukuu anakutwa nao na watu wanasema umeruka.

Na wewe Sheria Mkononi, yule binti hakushinda. Hukumu ilitoka 2020, ugonjwa ulikuwa Huntington, wa ubongo, si figo. Mahakama ilisema madaktari wanawajibika kupima haja ya binti kujua dhidi ya siri ya baba, lakini dai lake lenyewe likatupwa.

Sheria Mkononi
Ndiyo nilichosema: wanawajibika. Kushinda au kushindwa ni maelezo madogo.

Mama Wawili
Asante Zamu. Mzee wangu, kwa heshima zote, hilo la "hutoka kwa mama" limetutesa wanawake wengi. Mimi shangazi upande wa mume aliniuliza mbele ya watu nimewaletea nini. Wakati mwingine aliyeuleta ni mwanaume, na hakuna anayemwuliza chochote.

Mzee wa Kona
Nimesikia, binti yangu. Ila zamani hatukuwa na jeni hizo za namba, na watu waliishi.

Zamu ya Usiku
Waliishi, mzee, na wengine walikufa kama baba yake mleta mada, wakaandikiwa presha.

Ngoja niwaambie ninachokiona kazini, nafanya kitengo cha kusafisha damu. Mgonjwa anakuja mara tatu kwa wiki, kwa muda wa saa nne kila mara. Mkononi ametengenezewa mshipa, ukiuwekea vidole unausikia unavuma, na sindano mbili nene zinaingia hapo kila anapokuja. Sasa anakuja dada yake, mzima wa afya, anasema figo yangu moja mpeni. Anapimwa ili atoe. Na pale pale, juu ya kitanda cha ultrasaundi, mpimaji ananyamaza, anageuza skrini kidogo, anahesabu upya. Dada alikuja kuwa mchangiaji, anaondoka na faili lake mwenyewe. Nimewashika mikono watu wa aina hiyo. Wanalouliza kwanza si "nitakufa?", wanauliza "nani mwingine alijua?"

Hoja Kavu
Hapo umenisaidia hoja. Waambiwe, wapimwe, tusizungushane.

Karani wa Bima
Kupimwa si bure kwenye maisha ya mtu. Mnasahau bima. Marekani wamekataza kabisa kampuni kuuliza vinasaba, sheria ya 2008. Kwingi kwingine ukishaandikwa, umeandikwa.

Zamu ya Usiku
Si kabisa. Sheria ile inawabana wa bima ya afya na waajiri. Bima ya maisha haimo.

Karani wa Bima
Basi ndiyo inazidi kunipa haki! Kijana wa miaka 24 mzima anayefanya kazi, mnampeleka akachukue karatasi itakayomfuata maisha yote, kwa ugonjwa usio na dawa.

Mama Wawili
Usio na dawa ulikuwa zamani. Dawa ya tolvaptani ilipitishwa Marekani 2018, na Japani waliitangulia. Haiponyeshi, inapunguza kasi, na inakukojoza usiku kucha, ini nalo linapimwa kila mara. Mimi daktari hajanianzishia kwa sababu wangu unaenda taratibu. Lakini presha! Presha ndiyo vita yenyewe, na presha haihitaji kipimo cha jeni, inahitaji ujue kwamba uko kwenye hatari.

Hoja Kavu
"Wangu unaenda taratibu." Hapo ndipo penye tatizo la hoja yako, dada. Wewe inaelekea una PKD2. Baba wa mleta mada kafa na 54. Unatetea kuzaa kwa mfano wa mama yako wa miaka 71, mwenzako ana kaburi.

Mama Wawili
Ndiyo, ni PKD2, nilipimwa. Na mjomba wangu mwenye jeni ile ile alianza dayalisisi (kusafishwa damu) na 60, kwa hiyo usinifundishe makaburi. Baba wa mleta mada kaishi miaka 54, kalea watoto wanne, mmoja wao leo anaumiza kichwa kwa ajili ya ndugu zake. Unataka kumwambia huyo kijana baba yake alikosea kumzaa? Mwambie, yuko hapa anasoma.

Mpenda Vinasaba
Mbona hakuna anayetaja jeni ya APOL1? Uhusiano wake na figo uligundulika 2010, iko kwenye kromosomu 22, wenye asili ya Afrika Magharibi wengi wana aina zake za hatari kwa sababu zinakinga malale. Mkianza kukataza watu kuzaa kwa jeni za figo mtakataza nusu ya bara.

Zamu ya Usiku
Tusichanganye. APOL1 haileti vifuko. Hatari yake kubwa huja ukirithi nakala mbaya mbili, moja kwa kila mzazi, na wengi wenye mbili hawaugui figo maisha yao yote. Hapa tunazungumzia nakala moja tu inayotosha.

Hoja Kavu
Hakuna aliyetaja kukataza. Nimesema wajibu. Mko wanne, kaka kashaupata, kwa hiyo mmoja zaidi hapo hesabu inamdai.

Zamu ya Usiku
Hesabu haidai hivyo. Kila mimba inaanza upya, nusu kwa nusu. Wanaweza kuwa nao wote wanne, anaweza kuwa nao mmoja. Na kuna kama mtu mmoja kati ya kumi wenye ugonjwa huu ambaye hana historia yoyote kwa baba wala mama, jeni imebadilika kwake kwanza. Kwa hiyo na wewe, Hoja Kavu, kapime presha.

Mzazi Mpya
Samahani kuingilia. Mume wangu anao, mtoto wetu ana miaka 6. Nimpime au nisubiri akue aamue mwenyewe? Nyumbani tumegawanyika.

Mama Wawili
Dada yangu, mimi wangu sijawapima jeni. Wataamua wakikua. Presha tunapima kila mwaka, huo ndio msimamo wangu.

Zamu ya Usiku
Wataalamu walikubaliana 2019 kwamba njia zote mbili zinakubalika, kupima au kusubiri. Ambalo halisubiri ni presha ya mtoto. Hiyo ipimwe hata kama hamtaki kujua lolote lingine.

Mtoto wa Tatu
Wakuu nimesoma yote, hata niliyotamani nisiyasome. Hoja Kavu, baba hakujua, na hata angejua nashukuru alinizaa.

Nina maswali mawili. Kwanza, mdogo wetu wa 24 aliwahi kupigwa ultrasaundi ya tumbo mwaka juzi kwa jambo jingine, wakasema figo safi. Hiyo inatosha? Pili, sijui kama linahusu: shangazi, dada yake baba, alianguka jikoni akiwa na 41, alilalamika kichwa kimepasuka, hakufika jioni. Figo zake hazikuwahi kutajwa.

Zamu ya Usiku
La kwanza: ultrasaundi safi kwenye miaka ya ishirini ni habari njema, ila haifungi mlango, hasa jeni ikiwa PKD2. MRI, ile picha ya sumaku, yenye vifuko chini ya vitano kwa umri wake ndiyo inayotosha kumwondoa.

La pili linahusu sana, ningependa ungelianza nalo. Kama mtu mmoja kati ya kumi wenye ugonjwa huu ana mshipa wa ubongo uliovimba mahali. Mingi haipasuki. Lakini ukoo ukiwa na mtu aliyekufa hivyo, mgonjwa anapigwa picha ya mishipa ya kichwa, hata kama hana dalili. Kaka yako amemwambia daktari habari za shangazi?

Mtoto wa Tatu
Hapana. Kaka alikuwa shule ya bweni wakati ule, nadhani hata hajui alikufaje. Nampigia sasa hivi.

Sheria Mkononi
Mpigie, hilo sina ubishi. Lakini wadogo bado ni uamuzi wake.

Mama Wawili
Shangazi hakuwa wake peke yake.