Re: Mwanangu anatoka Kasulu, na huku kuna mtihani wa SAT

> Ndugu zangu, habari za masiku. Kijana wangu amemaliza kidato cha nne Kasulu, viza imetoka, Inshallah anafika Ohio mwezi wa saba. Binamu yake wa Dar amemwachia vitabu vyake vya SAT vya mwaka 2017. Vitamfaa? Na mdogo wake wa darasa la tano, nimlete sasa au nimwache kwanza?

Kaka, hongera kwa viza, na pole kwa kuhangaikia makaratasi. Nakujibu kwa kirefu maana swali hili linarudi kila mwaka.

Hivyo vitabu aviache huko huko. SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, ya karatasi imekwisha: nje ya Marekani ilihamia kwenye kompyuta Machi 2023, hapa Machi 2024, na mtihani wenyewe ukabadilika. Zamani walipewa kifungu kirefu cha kusoma na maswali kumi hivi chini yake. Siku hizi ni aya fupi na swali moja, kisha aya nyingine ya jambo jingine kabisa, sayansi, halafu shairi, halafu historia. Muda ni saa 2 na dakika 14: maswali 54 ya kusoma na kuandika, 44 ya hisabati. Kila sehemu ina nusu mbili, na ugumu wa nusu ya pili unategemea alivyofanya ya kwanza. Akizembea mwanzoni atapewa maswali mepesi, na hapo maksi za juu zimeshamponyoka.

Hisabati isimtishe, mengi keshayasoma. Kinachomtenga na wenzake wa huku ni kikokotoo. Sisi tulilelewa na kitabu cha majedwali, unatafuta logi kwa kidole. Huku kikokotoo cha kuchora grafu, Desmos, kimo ndani ya mtihani na kinaruhusiwa kuanzia swali la kwanza la hisabati hadi la mwisho. Chukua swali la mistari y = 2x + 1 na y = -x + 7, inakatana wapi? Kijana wako ataandika hatua zote, aondoe y, apate x = 2, arudishe, apate y = 5. Mwenzake anaingiza milinganyo miwili, anagusa pale mistari inapokatana, anasoma (2, 5). Wote wamepata, ila mmoja kabakiza muda wa swali gumu. Azoee hilo kabla hajapanda ndege. Desmos inafunguka bure hata kwenye simu.

Kiingereza ndicho kitamtesa, nakwambia ukweli. Miaka minne kasoma masomo kwa Kiingereza, lakini kingi ni cha kunakili notisi ubaoni na kuzikariri. Asome kila siku, hata kurasa mbili, halafu aseme kwa maneno yake mwandishi anadai nini. Akifika, apakue Bluebook, programu ya mtihani wenyewe, ina majaribio ya bure. Khan Academy, tovuti ya masomo, nayo ni bure. Shuleni amuulize mshauri wa wanafunzi kuhusu msamaha wa ada ya mtihani, upo kwa familia za kipato cha chini.

Abebe matokeo yake ya NECTA na ripoti zote za kidato cha kwanza hadi cha nne. Shule ya huku itamweka darasa kwa kutazama hizo. Halafu angalieni vyuo kwanza: MIT walirudisha sharti la SAT au ACT, mtihani mwenzake, mwaka 2022, Harvard na Dartmouth wakafuata 2024, ila vyuo vya University of California havitazami kabisa. Vyuo vya miaka miwili vya hapa havidai SAT, na ukimaliza unaweza kuhamia chuo kikuu. Kwa mtoto anayefika akiwa mkubwa, mimi naona hiyo ndiyo njia ya kwanza kufikiria.

Dada wa Ujiji, Columbus

---

Dada kamaliza ya mkubwa, mimi niseme la mdogo. Huyo ni wa mtaala mpya, walioanza nao darasa la tatu mwaka 2024. Mwakani, 2027, wao wanamaliza shule ya msingi wakiwa la sita, pamoja na wale wa mtaala wa zamani wanaomaliza la saba, na Januari 2028 madarasa mawili yanaingia kidato cha kwanza kwa mpigo. Fikiria msongamano, na Tabora kwetu madawati yenyewe tunayajua. Mbele yake kuna kuchagua mkondo wa jumla au wa amali, yaani ufundi, na akifika kidato cha tano kuna tahasusi 65, yaani michepuo ya masomo, nyingi mpya. Akibaki nyumbani, kabla hajachagua mfungulie mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, muone kozi anayoitaka inadai masomo gani.

Ningekuwa wewe, ningemwacha amalize la sita, nimlete kabla ya darasa la tisa la huku, maana vyuo vinahesabu maksi kuanzia hapo. Cheti cha kuzaliwa na kadi ya chanjo anza kuvifuatilia sasa.

Mama wa Tabora, Minneapolis