Jirani ananilelea mtoto, hataki kutaja bei. Nimpe shilingi ngapi?

Mama Kichanga:
Mbukwenyi wakuu. Naombeni ushauri, na msinicheke.

Naishi Nkuhungu, hapa Dodoma, kazi yangu iko mbali, Mtumba. Nina mtoto wa miezi mitano, ndiye wa kwanza. Zile siku 84 za likizo ya uzazi zilipita kama wiki, na dada wa kazi tuliyemtoa Kondoa alikaa siku kumi na moja, akasema anaumwa jino. Akaenda kwao na jino lake, mpaka leo kimya.

Aliyeniokoa ni jirani yangu, tumwite Mama J, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu. Alinikuta nalia kwenye kamba ya nguo, akauliza kulikoni, nikamweleza. Akasema, "Mlete hapa, kwani anakula ugali?" Kesho yake nikampeleka. Huu ni mwezi wa pili unaisha.

Tatizo ni malipo. Nilipomuuliza alijibu, "Aah, wewe tena mwanangu, chochote utakachojaliwa." Mwisho wa mwezi wa kwanza nilimpa 30,000 na doti ya khanga. Akapokea kwa mikono miwili, akaniombea dua. Juzi nimempa tena 30,000 na kilo tano za sembe. Dua ileile.

Sasa Jumamosi nilikwenda kumrudishia beseni. Mama J alikuwa mkaangaji wa maandazi, kila alfajiri barazani kwake, mafundi na wanafunzi wanapitia hapo. Nikaona karai limeegemezwa ukutani kifudifudi, buibui ameshafunga utando kwenye mshikio. Nikamuuliza, mama, mbona siku hizi hukaangi? Akasema, "Mafuta ya moto na mtoto havikai baraza moja." Akaendelea kuchambua mlenda wake. Mimi nikabaki nimeshika beseni, sijui hata pa kuliweka.

Mume wangu anasema jirani halipwi, ukimpangia mshahara umemgeuza kijakazi, tuendelee na zawadi. Kwa upande wangu silali. Mkononi napokea laki tano na kidogo, na mwenzangu ni fundi umeme, kuna mwezi wa neema na kuna mwezi wa "subiri kidogo". Mtoto namwacha saa 12 kasoro asubuhi, namchukua saa 11 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Maziwa nakamua mwenyewe, pampasi na nguo napeleka. Nimpe ngapi, na nianzeje kusema?

Zabibu Mbichi:
30,000 gawanya kwa siku 22. Hata 1,400 kwa siku haifiki. Dada, hiyo ni pesa ya kumwachia mtu baiskeli akulindie sokoni.

Mkwe wa Mtu:
Namuunga mkono mumeo. Mama yangu amelea nusu ya mtaa wetu pale Chamwino na hakuna aliyemlipa hata senti. Ukileta mambo ya mshahara, siku ukichelewesha tarehe mnanuniana, ujirani umekufa. Mpelekee mchele, mnunulie dawa akiugua, msaidie kwenye misiba yake. Inatosha.

Mama Watatu:
@Mkwe wa Mtu, watoto aliowalea mama yako walikuwa wanakimbiza kuku uani huku yeye akiendelea na shughuli zake. Huyu anashika kichanga masaa kumi na moja, na kazi yake mwenyewe ameiweka chini. Halafu anayemwachia mtoto anakwenda kazini KULIPWA. Hapo zawadi inaingiaje?

Mkwe wa Mtu:
Basi mpeni laki tano yote mbaki mnaombana chumvi.

Fundi Saa:
Tuache hasira, tupige hesabu ya karai. Mke wangu anakaanga, kwa hiyo haya nayaona kila siku. Kilo mbili za ngano, ukitoa mafuta, sukari na mkaa, kwa asubuhi moja hakosi 3,000 ya faida. Kwa siku 22 ni 66,000. Maana yake ukimpa 30,000, Mama J anakulipa wewe 36,000 kila mwezi ili akulelee mtoto. Na hapo mtoto mwenyewe bado hajalipiwa, tumefidia karai tu.

Mama Kichanga:
@Fundi Saa umeniua. Nimeisoma mara tatu.

Karani wa Zamani:
Nikuongezee ya kisheria, uwe na pa kushika. Amri ya kima cha chini cha mishahara ya 2022, iliyoanza kutumika Januari 2023, ilimwekea mfanyakazi wa nyumbani asiyelala kwa mwajiri 120,000 kwa mwezi, na anayelala hapohapo 60,000. Viwango hupitiwa upya, kwa hiyo kabla hujakaa naye uliza cha sasa ofisi ya kazi. Kweli Mama J hafui wala hapiki kwako, yuko barazani kwake, si mfanyakazi wa ndani hasa. Lakini ukitaka kujua 30,000 iko wapi kwenye ngazi, iko chini ya ngazi.

La pili, na hili wengi hawalitumii: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi masaa mawili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, akamnyonyeshe mtoto. Wewe huwezi kutoka Mtumba mpaka Nkuhungu ukanyonyesha ukarudi, labda una helikopta. Ongea na bosi wako uyachukue yote mawili mwishoni mwa siku. Ukitoka saa 7:30 badala ya saa 9:30, saa tisa uko nyumbani. Mama J anapungukiwa masaa mawili ya kazi na wewe unapungukiwa mzigo wa kukamua. Andika barua, usiombe kwa mdomo.

Bwana Kibubu:
Ukituma kwa simu weka na ya kutolea. Ni hilo tu.

Nyuma ya Pazia:
Nimesoma kimyakimya tangu jana, acha niseme, kwa sababu mimi ndiye Mama J wa mtaa mwingine, huku Chang'ombe.

Nilimlelea jirani mtoto mwaka mzima. Tulianza hivyohivyo, "utakachojaliwa". Mnajua kwa nini tunasema hivyo? Siyo kwamba hatutaki hela. Ni aibu. Mtu umemuona analia, utamtajia bei huku machozi bado yako shavuni? Unategemea atajiongeza. Sasa yeye akasikia "chochote", akaleta chochote. 20,000, mwezi mwingine 15,000 na ndoo ya mahindi. Nikawa nasema asante, huku moyoni kijiba kinakua. Alikuwa ananiletea maziwa kwenye chupa, mimi sina friji, jua la Dodoma mnalijua, ikifika saa nne nayanusa naogopa kumpa. Nikimwambia, anasema "utajua mwenyewe mama". Jioni anapitia sokoni kwanza, anakuja saa moja usiku, mtoto amelala, anamchukua kama anachukua mzigo stendi. Pampasi zikiisha natumia vitambaa vyangu, sabuni yangu.

Siku nilipochoka sikumwambia nimechoka. Nilisema nakwenda msibani Mpwapwa. Hapakuwa na msiba. Hatujawahi kugombana, lakini leo tukipishana dukani kila mtu anaangalia mkate.

Na kuna jambo moja hamjaligusa. Mtu usiyemlipa huwezi kumwelekeza. Mama Kichanga, mtoto ana miezi mitano. Je, una uhakika hajaanza kupewa uji? Kama amepewa, umesema?

Mama Kichanga:
@Nyuma ya Pazia umeniona wapi wewe? Wiki iliyopita nilikuta bibu ina doa la kahawia, limekauka. Nikanusa, ulezi. Kliniki walinisisitizia maziwa tu mpaka miezi sita itimie. Nikafua bibu nikanyamaza. Ningesemaje, na 30,000 yangu?

Mama Watatu:
Haya sasa. Unaona hiyo bibu? Nayo ina bei yake.

Dodoma Makulu Boy:
Kwa nini msimpeleke dei kea yakaisha? Mtoto anasimamiwa na wataalamu.

Karani wa Zamani:
@Dodoma Makulu Boy, wa miezi mitano vituo vingi hawampokei, na ukipata, hakikisha kimesajiliwa, muulize afisa ustawi wa jamii wa kata. Hata Mama J akija kupokea watoto wa nusu mtaa itabidi afuate njia hiyohiyo. Kwa mtoto mmoja wa jirani hatujafika huko.

Mama Watatu:
Mimi nasema 100,000, na asiulizwe tena "unataka ngapi", hatasema hata mkikesha. Wewe ndiye utaje. Nenda wewe na mumeo, wote wawili, mkae chini kabisa. Halafu uliza friji inayowekwa maziwa ni ya nani na Luku ya umeme analipa nani.

Mama Kichanga:
Friji ni yake, ndogo, anauzia maji baridi na barafu. Luku analipa yeye. Mungu wangu.

*(siku tisa baadaye)*

Mama Kichanga:
Wakuu nimerudi, maana inbox imejaa.

Kwanza kazini. Niliandika barua, nikataja sheria kama Karani alivyosema. Ilikaa siku nne mezani, ikarudi imekubaliwa. Natoka saa 7:30. Mwenzangu mmoja ofisini ana mtoto wa miezi minane, ameniomba nakala ya barua, hakuwahi kujua.

Pili, tulikwenda kwa Mama J Jumapili jioni. Mume wangu alikuwa mbishi mpaka nilipomsomea hesabu ya karai. Yeye ni fundi, kazi isiyolipwa anaijua. Alikaa kimya, halafu akasema, "Kwa hiyo sisi ndio wadaiwa." Akavaa viatu.

Nikaanza kwa shikamoo na mazungumzo ya upepo na vumbi, nikazunguka weee, mwisho nikasema: mama, tumekosea, ulifunga biashara yako kwa ajili yetu na sisi tukakuletea sembe. Tumepanga 100,000 kwa mwezi na Luku ya 5,000. Akaangalia chini, akachora mchanga na kidole cha mguu. Nikadhani nimeharibu. Kisha akasema, "Ya mwisho wa mwezi mimi siitaki."

Mume wangu akanigeukia na macho ya "nilikwambia".

Akaendelea: "Kikoba chetu ni Jumamosi. Tangu niache maandazi nimekosa hisa wiki saba, na nina mkopo wao. Nipeni kila Ijumaa."

Wiki saba! Na alikuwa ananiombea dua.

Tumekubaliana 25,000 kila Ijumaa mkononi. Kwa kuwa sasa namchukua mtoto saa tisa, amesema atajaribu kukaanga kalmati za jioni. Halafu nikajikaza nikasema habari ya uji. Wala hakukasirika. Alisema, "Alikuwa analia baada ya maziwa kuisha, nifanyeje? Unaniletea chupa mbili, huyu anataka tatu." Kumbe kosa lilikuwa langu.

Nyuma ya Pazia:
Na ile ya miezi miwili iliyopita?

Mama Kichanga:
Nimemwambia nitalipia zile hisa saba, mbili kila mwezi kadiri nitakavyoweza. Alikataa. Mume wangu akamwambia basi niruhusu nikufungie taa ya barazani, ya kukaangia jioni, waya na kila kitu juu yangu. Hiyo hakuikataa.

Ijumaa nimempa ya kwanza. Hakuhesabu, alifunga kwenye pindo la khanga, ileile niliyompa. Nikiwa nafungua geti akaniita: "Chupa tatu, Jumatatu. Usisahau."

Bwana Kibubu:
Mkononi, kwa hiyo hakuna ya kutolea. Safi.